KARATASI ILIYO KWENYE CHUPA YA DAWA
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Kakamega)



Sisi wa reli twajua kwamba behewa lisilo na kadi haliondoki stesheni. Lazima ijulikane lina nini ndani, limetoka wapi na linakwenda wapi. Lakini tukifika nyumbani, twapokea chupa isiyo na jina lo lote na kumpa mtoto kijiko!

Karatasi ya dawa ilipata nguvu kwa sababu watu walikufa. Mwaka 1858, katika Bradford, mji wa viwanda vya sufu Uingereza, mtengeneza peremende alitaka unga mweupe wa bei rahisi ili apunguze sukari. Kijana wa duka la dawa alichota katika pipa lingine. Unga ule ulikuwa arseniki, sumu kali. Peremende ziliuzwa sokoni. Watu 20 hivi walikufa, na zaidi ya 200 waliugua.

Mwaka 1868 Bunge la huko lilitoa sheria: chupa au sanduku la sumu liwe na karatasi yenye jina la kitu, neno "Sumu", na jina la muuzaji na mahali pake. Marekani nako, karatasi nyingi zilikuwa za kusifu dawa tu. Sheria ya mwaka 1906 ililazimisha zitaje kama ndani mna pombe, afyuni au kokeini. Hapa Kenya, Sheria ya Dawa na Sumu ilianza kutumika mwaka 1957.

Basi sheria ipo. Je, sisi?

Mwaka jana mwenzetu mmoja alileta nyumbani maji ya betri katika chupa ya dawa ya kikohozi. Karatasi ya zamani ilikuwa ingali imeshika. Usiku mama mtoto aliisoma vizuri, akamimina kijiko. Mtoto alitema upesi, lakini koo liliungua, akalazwa hospitali. Alipona, twashukuru. Ndugu zetu, karatasi ile ilisema kweli ilipotoka kwa mpiga chapa. Ni sisi tulioifanya iseme uongo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, msinunue dawa isiyo na jina wala tarehe ya mwisho wa kutumiwa. Asiyejua kusoma amwulize mgawaji dawa. Kuuliza si ujinga. Pili, chupa ya dawa isitiwe kitu kingine cho chote. Tatu, chama chetu kidai kila kopo la asidi na dawa kali kazini liandikwe jina lake, na kwa Kiswahili pia, ili kila mfanyakazi aelewe.

Behewa bila kadi tunalikataa. Na tukatae chupa bila karatasi.

Umoja ni nguvu.