Mtoto Asiyesema Ana la Kusema

Mtoto asiyesema hukuvuta mkono na kulia. Usimchape, hana njia nyingine ya kuomba.

Kwanza mpeleke kliniki apimwe masikio. Kisha jaribu njia ya picha, iliyoanza Marekani mwaka 1985. Akipenda uji, chora kikombe kwenye kadi. Shika uji mbele yake. Akiunyooshea mkono, mwenzako aliyeketi nyuma yake amwongoze kuokota kadi na kukukabidhi. Papo hapo sema "uji", umpe anywe. Rudieni kila siku, mwenzako akipunguza msaada polepole.

Usiogope, picha hazimzuii mtoto kusema. Wengine huanza kutamka baadaye. Asipotamka, ataweza kukuomba uji bila kulia.