Je, Sinema ya Mauaji Ina Nafasi Darasani?

(Mazungumzo kwa walimu wa Buzebazeba, Kigoma)



Swali lililo mbele ya mkutano huu ni la haki: je, yafaa mwalimu wa Historia au wa Fasihi awaonyeshe wanafunzi wake filamu yenye damu, ubakaji na mambo mengine ya watu wazima? Wako wanaojibu “hapana” kabla swali halijamalizika. Wako pia wanaojibu “ndiyo” kwa kuogopa tu kuitwa washamba. Wote hao wanaikwepa kazi ya kufikiri.

Taifa hili lilikwisha kupambana na jambo hili kwa njia ya kitabu. Mwaka 1971 marehemu Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Rosa Mistika, iliyoanika jinsi msichana wa shule anavyoharibiwa na wakubwa waliopaswa kumlinda. Kwanza ilizuiwa shuleni. Baadaye ikawa kitabu cha kusomwa katika shule za sekondari. Watu wazima walikuwa wamekubali hatimaye kuyazungumza yale ambayo wasichana waliyajua siku zote.

Hata hivyo filamu si kitabu. Msomaji akizidiwa hufunga ukurasa, akapumua. Sinema haimngoji mtu: chumba kina giza, sauti imejaa, na wenzake wako ubavuni wakimwangalia kama atalia. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaokataa, wala haifai kupuuzwa.

Tuseme mwalimu amechagua Hotel Rwanda ya mwaka 2004, inayohusu mauaji ya kimbari ya 1994. Huko Marekani wakaguzi waliipa kwanza daraja la kuwazuia vijana wasiofuatana na mzazi. Wenye filamu wakakata rufaa, likalegezwa. Mauaji mengi ndani yake hayaonyeshwi waziwazi. Lakini pale gari linapoyumba katika ukungu wa alfajiri, na abiria wakagundua kwamba linapita juu ya maiti, hakuna atakayesahau.

Kwa mwanafunzi wa Chicago hiyo ni habari ya mbali. Kwa Kigoma sivyo. Mei 2015 maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga wakikimbia machafuko, na meli kongwe ya Liemba ikawaleta mjini, wakapokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Huenda katika darasa la hapa ameketi kijana ambaye jamaa zake waliyavuka maji hayo, au yale ya kutoka Kongo. Pengine yeye ndiye atakayeielewa filamu kuliko mwalimu. Pengine ndiye atakayetoka nje akitetemeka. Usoni haijulikani.

Kwa hiyo filamu ya namna hii inafaa, lakini si chini ya Kidato cha Nne, wala si kwa kushtukiza. Mwalimu aitazame yote kwanza, peke yake, kalamu mkononi. Wazazi waarifiwe. Mlango ubaki wazi kwa asiyeweza, asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka filamu zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Darasa lisigeuzwe kichochoro cha kuikwepa.

Tena kuna jambo la kustaajabisha katika maadili yetu. Busu likitokea katika picha, mzazi hukohoa na kumtuma mtoto maji. Panga likitokea, hakuna anayeinuka. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu ya maadili, na wazazi wengi waliridhika. Lakini picha za watu wakichinjana zinapita kila jioni katika simu za mkononi, na kijana anazitazama bila mtu wa kumwuliza nani alianza, nani alinyamaza, na redio ilisema nini.

Maswali hayo ndiyo kazi ya mwalimu. Vipindi viwili ni dakika 80: dakika 15 za picha zilizochaguliwa zatosha, zilizobaki ziwe za mazungumzo, taa zikiwa zimewashwa. Na mwalimu ambaye hajaandika maswali yake siku hiyo afundishe kwa ubao.