Mkumbuke Asiyekukumbuka

Somo: 2 Samweli 19:31–40

Asubuhi ya leo tutazungumza juu ya wazee wetu waliopotewa na kumbukumbu, nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Siakago, alikuwako mama mzee katika ushirika wetu, mjane mcha Mungu. Jumapili moja baada ya ibada alinishika mkono akasema, "Mchungaji, nyumbani silishwi. Mke wa mwanangu ananinyima chakula, tena ameniiba fedha zangu." Mama mwenye mvi akisema hivyo, ni nani atakayemshuku? Nikamwita yule mke, nikamkemea mbele ya wazee wa kanisa. Hakujibu neno, alilia tu. Kwa miezi mingi hakuonekana kanisani, na sokoni watu walimnyoshea kidole.

Siku moja nikafika pale nyumbani bila kutazamiwa, saa saba mchana. Nikamkuta yule mke akimlisha mama mkwe wake ugali na kunde kwa upole, tonge kwa tonge. Alipomaliza akaondoa sahani. Hata dakika kumi hazijapita, mama akanigeukia akasema, "Mchungaji, tangu asubuhi sijaonja kitu." Hakuwa akisema uongo. Chakula kile kilikuwa kimekwisha kupotea katika kumbukumbu zake, kama maji yapoteavyo katika mchanga wa Mbeere. Na zile fedha? Zilionekana baadaye ndani ya debe la ndengu, alikozificha mwenyewe.

Ndugu zangu, huo ni ugonjwa. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer alimpokea mwanamke aliyekuwa akisahau mambo na kumshuku mumewe bila sababu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akaona umesinyaa, na ndani yake mna takataka zilizojikusanya na nyuzi zilizojisokota. Hata leo ugonjwa huo waitwa kwa jina la daktari yule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya namna hii, na ugonjwa wa Alzheimer ndio ulio mwingi kuliko yote.

Seli za ubongo hufa kidogo kidogo. Mara nyingi ugonjwa huanza mahali panapotunza mambo mapya. Ndiyo maana mzee husahau alichokula leo, lakini akakusimulia siku ya arusi yake. Kisha hurudia swali lile lile, hushindwa kuhesabu fedha, hupotea katika njia aliyoizoea tangu ujana. Mwishowe hawezi kuoga, kuvaa, wala kumeza vizuri pasipo msaada.

Basi, si laana, wala si uchawi. Mwezi wa Mei 2008, kule Kisii, katika nchi yetu hii, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto na umati uliowashuku kuwa wachawi. Sisemi kwamba walikuwa na ugonjwa huu. Lakini mzee anayetembea usiku akisema peke yake ni rahisi kushukiwa. Kanisa likinyamaza, ni nani atakayemtetea?

Jaribu kujiweka mahali pake. Waamka, na chumba hukijui. Mtu usiyemfahamu anakuvua nguo, asema anakuogesha. Wauliza alipo mama yako, nao wanacheka. Je, hutaogopa? Hutapiga kelele? Tunayoiita hasira ya mzee, mara nyingi ni hofu.

Kwa hiyo usibishane naye. Akisema anataka kwenda kwa mama yake, usimwambie kila siku kwamba mama alikufa, maana kwake kila mara ni msiba mpya. Mwulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Tembea naye kidogo, kisha mrudi nyumbani pamoja. Tena, mpeleke hospitali mapema. Wakati mwingine kusahau huletwa na upungufu wa vitamini, na ugonjwa wa tezi, au na huzuni nyingi, na hayo yana matibabu. Akichanganyikiwa kwa ghafula, usikawie, yamkini ana homa. Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe haujapata dawa ya kuuponya, ingawa ziko dawa zinazosaidia dalili kwa muda.

Katika somo letu twamwona Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80. Alimlisha mfalme Daudi wakati wa kukimbia kwake. Sasa Daudi anarudi Yerusalemu na kumwalika waende pamoja, lakini mzee anakataa. Aeleza kwamba hawezi tena kupambanua mema na mabaya, wala kuonja chakula, wala kusikia waimbaji, naye hapendi kuwa mzigo. Daudi hakumdharau. Alimbusu, akambariki, akamchukua Kimhamu mahali pake. Na Daudi alipokaribia kufa, alimwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai. Nguvu za mzee zilikwisha, bali wema wake ulitunzwa na mwingine.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Mzee asipoweza kukumbuka alivyotulea, sisi tukumbuke kwa ajili yake. Asipolijua jina letu, sisi tunalijua lake, na Mungu analijua zaidi.

Mimi nilirudi mbele ya wazee wale wale wa kanisa, nikamwomba yule mke msamaha. Akanisamehe, akasema, "Mchungaji, sikuhitaji kutetewa. Nilihitaji mtu wa kukaa naye niende kuteka maji." Tangu hapo akina mama wa kanisa walipokezana zamu. Mama yule hakutujua tena kwa majina, lakini tulipoanza wimbo wa zamani, aliuimba nasi mpaka mwisho.

Je, msikilizaji, jirani yako ni nani anayemtunza mzee wa namna hii? Leo, kabla jua halijatua, nenda ukakae naye saa moja.

Na tuombe. Ee Baba, wewe usiyewasahau walio wako, uwalinde wazee wetu gizani mwao. Uwatie nguvu wanaowatunza. Utusamehe sisi tuliohukumu upesi. Katika jina la Yesu, Amina.