Redio, Kijitabu na Shimo la Choo



Ndugu wahitimu, punde wengi wenu mtaripoti kwenye kata kama maofisa maendeleo ya jamii. Kabla hamjaondoka, naomba niwarudishe mwaka 1973, kwa sababu mwaka ule nchi yetu, Tanzania, ilitumia njia mbili kubadilisha maisha ya vijijini, na tofauti kati ya njia hizo inawahusu.

Ya kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu kwa sauti, kisha mjadala ukaanza. Kichocho kinatoka wapi? Safura je? Aliyekuwa na imani yake kuhusu ugonjwa alipata nafasi ya kubisha, na aliyemjibu alikuwa jirani yake, si bwana afya. Hawakuondoka kabla ya kukubaliana la kufanya: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Vyoo vikachimbwa kwa maelfu. Jembe lilikuwepo siku zote. Kilichokuwa kipya ni kwamba mchimbaji alijua kwa nini anachimba.

Njia ya pili ilikuwa amri. Novemba mwaka huohuo, kuhamia vijiji vya pamoja, jambo lililokuwa likihubiriwa kama hiari, kukawa amri. Watu walipakiwa kwenye malori, na kuna waliochomewa nyumba ili wasirudi. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati viwe karibu. Hata hivyo, miaka ilipopita, wapo waliorudi kwenye mahame yao. Serikali ilikuwa ileile, na Mwalimu Nyerere yuleyule. Kwangu mimi, kilichopungua ni kile kikao cha kusikiliza na kujadiliana.

Mtakapofika kazini mtakabidhiwa malengo: kaya ngapi ziwe na vyoo bora, vikundi vingapi visajiliwe, na taarifa itakiwe kila robo ya mwaka. Mtashawishika kukimbilia mgambo na faini. Nawasihi, ombeni muda kwanza. Sikilizeni ubishi wa watu hadi mwisho, na muwape nafasi kina mama waliokaa nyuma kimya, maana ndio watakaoteka maji ya kusafishia hicho choo. Robo ya kwanza ikipita mkiwa na vyoo vichache na mijadala mingi, nileteeni hiyo taarifa, nitasimama kuwatetea.