Utepe Ung'olewe Saa Ngapi?



Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mchanga katika kazi hii, nilitumwa kutangaza mbio za marathoni. Mshindi alipofika nilimkimbilia na kinasa sauti, nikamhoji. Nikamhoji na mgeni rasmi, nikangoja zawadi zitolewe, kisha nikakunja nyaya zangu. Vijana walikuwa wanapakia viti kwenye lori na utepe wa kumalizia ulikwisha kung'olewa, ndipo akatokea mama mmoja, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akiuliza mstari uko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole pale ulipokuwa. Akapapita, akaniuliza ni saa ngapi, nikamtajia, akaenda zake. Sikumwuliza hata jina.

Mama huyo amenirudia akilini wiki hii, baada ya kusoma habari za mchezo ambao hapa kwetu bado ni wageni nao, yaani triathloni. Mchezaji huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, akishuka huanza kukimbia, na saa haisimami hata pale anapobadilisha viatu. Ile ya masafa marefu, inayojulikana kwa jina la Ironman, ni kuogelea kilometa 3.8, kuendesha baiskeli kilometa 180, ambazo ni karibu sawa na Dar es Salaam hadi Morogoro, halafu kumalizia kwa marathoni nzima.

Jambo hili lilianza kwa ubishi tu. Huko Hawaii watu walikuwa wanabishana nani ana pumzi zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, pamoja na mkewe Judy, wakasema basi tuyaunganishe yote matatu tuone. Mwezi Februari 1978 walijitokeza watu 15, na 12 kati yao wakamaliza. Wote walikuwa wanamichezo wa ridhaa, kila mmoja na wasindikizaji wake wa kumpa maji na chakula njiani. Aliyeongoza kwa muda mrefu, John Dunbar, aliishiwa maji, na wasindikizaji wake wakampa bia! Alimaliza wa pili nyuma ya Gordon Haller. Collins mwenyewe alitumia kama saa 17.

Muda huo wa saa 17 ndio hadi leo ukomo wa kawaida wa mashindano hayo. Ukianza alfajiri, unaruhusiwa kufika karibu na saa sita za usiku, na ukifika utakuta taa zinawaka na mtangazaji anakuita kwa jina.

Huenda baadhi yenu mmewahi kuona kwenye televisheni picha za Julie Moss, mwanafunzi wa chuo aliyeingia mashindano ya Februari 1982 kwa ajili ya utafiti wake wa masomo. Alikuwa anaongoza wanawake wote. Hatua chache kabla ya mwisho miguu ikamkatalia, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Akiwa chini, Kathleen McCartney akampita na kushinda. Julie akatambaa kwa magoti na viganja hadi mstarini, sekunde 29 baadaye. Baada ya picha hizo kuonyeshwa, maelfu ya watu ambao hawakuwahi kufikiria mchezo huu walianza kuutaka. Kumbukeni, aliyewavuta alikuwa wa pili.

Lakini mimi walionigusa zaidi ni Dick Hoyt na mwanawe Rick, wa Massachusetts huko huko Marekani. Rick alizaliwa mwaka 1962, ubongo wake ukakosa hewa wakati wa kuzaliwa, akawa hawezi kutembea wala kusema. Alijifunza kuzungumza na watu kwa msaada wa kompyuta. Ni yeye aliyemwomba baba yake washiriki mbio za hisani, na baba akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ilipokuja triathloni, Dick hakujua kuogelea. Ilibidi ajifunze ukubwani. Majini alimvuta Rick ndani ya mtumbwi wa mpira uliofungwa kamba kiunoni mwake, barabarani akambeba kwenye kiti mbele ya baiskeli, kisha akamsukuma kwa miguu.

Mwaka 1988 walikwenda Hawaii wakashindwa. Muda wa kuogelea ulikwisha wakiwa bado baharini, wakatolewa kabla hata ya kugusa baiskeli. Hakuna aliyepindisha sheria kwa kuwaonea huruma, na nadhani hiyo ilikuwa heshima kubwa kwao. Wakarudi nyumbani wakafanya mazoezi. Mwaka 1989 walikwenda tena wakamaliza kwa saa 14 na ushei. Dick alifariki mwaka 2021, Rick akamfuata mwaka 2023.

Hapo hapo sitaki kijana yeyote anielewe vibaya. Mwili una mipaka yake. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini haitoshi safari ndefu namna hiyo, hivyo ni lazima ule njiani. Ukinywa maji mengi kupita kiasi, chumvi ya damuni hushuka, unachanganyikiwa, na unaweza kufa. Anayeambiwa na daktari wa mashindano akae chini, akae. Mimi simwiti mwoga, na wale wanaowapigia makofi watu wanaopepesuka bila kujua waliko ningependa wamwite daktari kwanza.

Sisi Watanzania jambo hili la kufika mwisho si geni kwetu. Mwaka 1968 kule Mexico, siku ambazo Olimpiki bado ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni akaumia goti. Alifika uwanjani gizani akiwa amefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, na wa mwisho. Tunamjua leo kwa sababu wapiga picha wachache walikuwa hawajaenda zao.

Kuna mbio nyingine za marathoni nitakazotangaza mwezi ujao. Nimekwisha kuwaomba waandaaji wauache utepe hadi wa mwisho afike, wakasema watafikiria, maana lori la viti ni la kukodi. Kwa upande wangu, nimenunua betri za akiba na nimemweleza dereva wetu kwamba siku hiyo tutachelewa kurudi.