Mgongo na Kisu

(Maneno haya yalisemwa Liwatoni mbele ya wachukuzi wa samaki, wafanya kazi wa bandarini na jamaa zao. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu.)

Ndugu wafanya kazi,

Tumekusanyika kwa jambo ambalo kila mmoja wetu analichukua mwilini mwake. Hapa Liwatoni, na huko Mbaraki na Kilindini, kazi yetu ni kuinua, kuvuta na kushusha. Gunia la kahawa lina kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Dunia lilizishauri nchi zote kwamba mzigo wa mwanamume mzima anayechukua kwa mikono yake ushushwe usizidi kilo 55. Hesabuni wenyewe.

Ndugu zetu huja ofisini na karatasi mkononi wakisema, "Daktari ataka kunipasua mgongo. Nifanyeje?" Wengine wanaogopa kisu hata hawarudi tena hospitali. Wengine wanakitaka upesi, wakidhani wataamka na mgongo mpya, na juma lijalo warudi kwenye mzigo. Wote wawili twataka wakae nasi kidogo. Sisi si madaktari, wala hatuwezi kumwambia mtu akubali au akatae. Lakini twaweza kumwonyesha la kuuliza kabla hajatia sahihi.

KINACHOUMA

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya mwenziwe. Baina ya pingili na pingili mna kitu kama mto mdogo, nje mgumu na ndani laini, na madaktari huuita diski. Nyuma yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Mto ukipasuka, ile nyama laini hutoka ikabana mshipa. Ndipo maumivu hushuka kutoka kiunoni, yakapita takoni na pajani mpaka unyayoni, kama umeme. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliandika habari za wagonjwa waliopasuliwa kwa ajili hiyo, na tangu hapo upasuaji huu ukaenea ulimwenguni.

Lakini si kila mgongo unaouma una mto uliopasuka. Mara nyingi ni misuli iliyochoka au kuteguka. Na katika nchi zetu hizi kuna kifua kikuu kinachoingia mgongoni, ambacho kikiachwa huweza kumfanya mtu kibyongo. Huyo huenda akawa na homa za jioni, jasho la usiku, na mwili wake unakonda. Tiba yake kwanza ni dawa za miezi mingi, na wengi hupona bila kisu. Basi mwulize daktari kama amelitazama jambo hilo.

ASIYENGOJA

Yuko mgonjwa asiyetakiwa kungoja hata usiku mmoja. Ukiona mkojo umefunga, au unatoka bila wewe kujua. Ukiona huwezi kuzuia choo. Ukiona ganzi katikati ya mapaja na makalioni. Ukiona miguu inakufa nguvu au unyayo unaburura, usingoje zamu iishe. Usingoje kukandwa wala kuumikwa. Nenda hospitali kubwa saa ile ile, na sema dalili zote, pamoja na zile za mkojo ambazo watu huzionea haya. Hapo upasuaji ni jambo la saa, na kuchelewa kwaweza kumwachia mtu kilema cha maisha.

ANAYEWEZA KUNGOJA

Walio wengi si wa namna hiyo. Wengi wenye maumivu ya mguu kwa sababu ya diski hupata nafuu katika majuma 6 mpaka 12, maana ile nyama iliyotoka mara nyingi husinyaa yenyewe. Lakini kungoja si kulala kitandani. Lala siku moja au mbili ukishindwa kabisa, kisha tembea kidogo kidogo, fanya mazoezi ya mganga wa viungo, acha mzigo mzito. Wala usinunue sindano za maumivu dukani kila juma, kwa kuwa nyingi huumiza tumbo na figo.

Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walitoa habari za wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa majuma 6 mpaka 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema. Nusu walitibiwa bila kisu, ila asiyepona apasuliwe baadaye. Katika hao waliongoja, kama 4 katika kila 10 walipasuliwa mwishowe. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Maana yake ni kwamba kwa mgonjwa wa namna hii kisu huleta nafuu mapema, lakini hakimpi mgongo bora kuliko wa mwenziwe aliyengoja akapona. Basi anayengoja si mwoga, na anayekubali si mpumbavu. Kila mtu apime maumivu yake, nguvu za mguu wake, na riziki yake.

PICHA NA MGUU

Ndugu wengi hutishwa na picha. Lakini mwaka 2015 madaktari walikusanya habari za watu wasioumwa na mgongo hata kidogo. Walikuta diski zilizochakaa kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa watu 96 katika kila 100 wenye miaka 80. Basi picha peke yake haitoshi. Yafaa mshipa unaoonekana kubanwa katika picha uwe ndio ule unaouma mguuni. Na jueni kwamba upasuaji wa diski hutibu zaidi maumivu ya mguu. Maumivu ya kiuno chenyewe huweza kubaki.

Mwulizeni daktari haya, bila kuogopa:

1. Ni mshipa gani umebanwa, na picha yakubaliana na mguu wangu?
2. Nikingoja majuma 6 zaidi, kuna hatari gani?
3. Utaondoa kipande cha diski tu, au utaunga pingili kwa vyuma?
4. Wewe mwenyewe umefanya kazi hii mara nyingi?
5. Nitarudi kazi gani, na baada ya muda gani?
6. Gharama yote ni kiasi gani, na bima italipa nini?

Swali la tatu ni kubwa. Kuondoa kipande cha diski ni kazi ndogo kuliko kuunga pingili. Mifupa iliyoungwa hutaka miezi mingi kushikana, na mvuta sigara huchelewa zaidi. Ukiambiwa utiwe vyuma na mguu hauumi, si utovu wa adabu kutafuta daktari wa pili.

SIKU YA KISU NA BAADAYE

Mweleze daktari dawa zote unazomeza, pamoja na aspirini na miti shamba, na kama una sukari au presha. Hutakula kabla ya upasuaji. Utapewa nusukaputi, utalazwa kifudifudi, na kazi ya diski huchukua saa moja au mbili. Mara nyingi utasimamishwa utembee siku ile ile au ya pili yake, na kurudi nyumbani baada ya siku chache. Maumivu ya mguu huenda yakapungua mara moja. Ganzi hukawia, na pengine haiishi yote.

Hatari zipo: kidonda kuingia usaha, maji ya uti kuvuja, mshipa kuumia, na diski kutoka tena, jambo linalowapata kama watu 5 mpaka 10 katika kila 100. Ukiona homa, kidonda kinatoa maji, au miguu inalegea, rudi hospitali siku ile ile.

Sasa lile linalotuumiza sisi. Mwenye kazi ya mezani huweza kurudi kazini baada ya majuma machache. Mchukuzi huambiwa akae kama miezi mitatu, na aliyeungwa pingili zaidi ya hapo. Lakini kibarua hulipwa kwa siku. Daktari amekwambia miezi mitatu, na nyumbani unga umekwisha juma la pili. Mtu huinua kreti na kidonda hakijakomaa. Kwa hiyo kabla ya kuweka siku ya kisu, weka kwanza mpango wa kula. Mke, ndugu, chama na mwajiri wajue mapema.

HAKI YAKO

Aliyeumia kazini analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Mwajiri akisha kupata habari ya ajali, yampasa kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Dai la fidia litolewe kabla ya miezi 12 tangu ajali. Gharama ya matibabu yanayostahili, na upasuaji ndani yake, ni juu ya mwajiri, na kuna malipo ya muda usioweza kufanya kazi. Kibarua asijiondoe mwenyewe kabla hajauliza. Na kama mgongo haukuumia kazini, bima ya SHA ndiyo iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Uliza kwanza italipa kiasi gani.

Lakini haki haina miguu bila karatasi. Siku mgongo ulipokatika, mwambie msimamizi mbele ya shahidi, andikisha, na hifadhi kila cheti. Mtu anayenyamaza mwezi mzima kisha akasema "niliumia kazini" ana kesi ngumu.

Ndugu, asiyejua na aulize, na anayeumwa asikae peke yake. Mwenye karatasi ya upasuaji aje nayo ofisini kabla ya kutia sahihi. Tutakaa naye, tutaandika maswali yake, na akitaka, mmoja wetu atakwenda naye kwa daktari. Asiyeweza kupanda ngazi atume mtoto, tutashuka sisi.

Umoja ni nguvu.