Mbegu ya Mtama Iliboreshwa kwa Ajili ya Nani?

(Mazungumzo kwa wakulima na wafugaji wa Kitengela, Isinya na maeneo jirani kabla ya mvua ya vuli)



Wiki chache kabla ya mvua, maduka ya agroveti ya Kitengela hupanga pakiti za mbegu mbele ya kaunta. Nyingi huwa za mahindi. Mtama nao huwa pembeni, mara nyingine rafu ya chini kabisa. Mnunuzi anayeuinamia huuliza mambo mawili: ni pesa ngapi, na unakomaa kwa siku ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini kuna la tatu ambalo ni nadra kusikika, nalo ndilo lililowaleta watu hapa leo: mbegu hii iliboreshwa kwa ajili ya nani?

Hakuna mbegu iliyoboreshwa kwa kila jambo. Mtaalamu anayezalisha mbegu huchagua. Akitaka punje nyingi, huenda akapunguza bua. Akitaka punje nyeupe ya unga mtamu, huenda akawaandalia ndege karamu. Mkulima asiyejua mbegu yake ilichaguliwa kwa lengo gani huishia kulaumu mvua, hata pale ambapo mvua haina kosa.

Mtama ni zao la Afrika. Watafiti wa mambo ya kale wamepata mashariki mwa Sudan mabaki yanayoonyesha kwamba watu walikuwa wameanza kuufuga mtama mwitu shambani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Hapakuwa na maabara. Palikuwa na mama aliyepita shambani kabla ya mavuno, akalitazama suke lililojaa, lililosimama wima wakati mengine yameanguka, akalikata na kulining'iniza juu ya moto jikoni ili moshi ufukuze wadudu. Mwaka uliofuata alipanda hilo. Kazi hiyo ikirudiwa vizazi na vizazi ndiyo uzalishaji wa mbegu, na wanasayansi wote waliofuata walianzia kwenye masuke ya akina mama hao.

Jamii za Wakamba na Waluo zilikula mtama na mawele na wimbi kabla mahindi hayajatawala sahani. Wamaasai hawakulima, nafaka waliipata kwa majirani kwa kubadilishana na mifugo. Leo Kitengela ina jamii zote hizo kwenye ploti zilizopakana, na mwenye ng'ombe ana shamba, na mwenye shamba ana ng'ombe wawili watatu. Jambo hilo lina uzito katika habari ya mbegu, kama itakavyoonekana.

Sayansi ya kisasa ya mtama katika eneo hili ilipata nguvu huko Serere, mashariki mwa Uganda, kwenye kituo kilichohudumia nchi zote za Afrika Mashariki. Mtaalamu aliyejulikana sana hapo ni Hugh Doggett. Katika miaka ya 1960 kituo hicho kilitoa mtama uitwao Serena, uliotokana na kuzalisha pamoja mtama kutoka Swaziland, nchi ambayo sasa ni Eswatini, na mtama wa huku uitwao Dobbs. Baadaye Serena ukazalishwa na mtama wa Marekani uitwao CK60, akapatikana Seredo. Wazee wa magharibi mwa Kenya na wa Ukambani wanayajua majina hayo hadi leo.

Serena na Seredo zina punje za kahawia, na rangi hiyo huambatana na tanini, kitu kichungu kinachokausha ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Ndege wakionja, wengi huhamia shamba la jirani. Ugali wake hauna mvuto kwa mtoto aliyezoea mahindi meupe, na tanini nyingi hupunguza faida ya protini mwilini. Waliozalisha mbegu hizo walijua hilo. Waliona heri uji wa kahawia kuliko shamba tupu.

Kisha kukaja Gadam, mtama unaopatikana zaidi katika maduka ya sehemu kavu za Kenya. Asili yake ni Sudan, na jina lake kamili, Gadam el Hamam, ni la Kiarabu, maana yake mguu wa njiwa. Ni mfupi, takriban mita moja na kidogo, na unakomaa kwa kama miezi mitatu. Punje yake ni nyeupe na tanini yake ni kidogo. Kwa mvua ya vuli ya huku, ambayo huweza kuja Oktoba na kukata kabla ya Krismasi, miezi mitatu ni sifa kubwa. Kampuni ya bia ya East African Breweries iliupenda kwa kutengeneza Senator Keg, na wakulima wengi, hasa wa Ukambani na baadaye wa Nyanza, wakaulima kwa mkataba.

Mwaka 2013 serikali ya kitaifa ilipunguza msamaha wa ushuru wa bia hiyo kutoka asilimia 100 hadi 50. Bei ikapanda, wanywaji wakapungua, na mtama ukakosa mnunuzi. Mwaka 2015 msamaha ukarejeshwa hadi asilimia 90 na soko likaamka tena. Mbegu haikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo miwili. Ilikuwa njema mwaka 2012 na ilikuwa njema mwaka 2014. Ila mkulima aliyekuwa na soko moja tu la punje, na bua fupi lisilotosha hata nusu siku ya ng'ombe, alibaki na magunia nyumbani.

Sasa tuseme mtu anataka mtama wa namna nyingine. Inachukua muda gani kuupata?

Ua la mtama ni dogo sana, na ndani yake mna viungo vya kiume na vya kike pamoja. Kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Suke huanza kutoa maua nchani na kuteremka kidogo kidogo kwa muda wa kama wiki moja, na maua hufunguka usiku wa manane kuelekea asubuhi. Kwa hiyo mzalishaji huketi shambani alasiri na kibanio kidogo, akiondoa viungo vya kiume katika ua mojamoja kabla halijafunguka. Hulifunika suke kwa mfuko wa karatasi. Asubuhi huleta chavua kutoka kwa mtama mwingine anaoutaka na kulipaka suke hilo. Ni kazi ya subira, ya macho na ya mgongo.

Kizazi cha kwanza hufanana chote. Kizazi cha pili ndicho hutawanyika: mrefu, mfupi, wa kahawia, mweupe, unaowahi, unaochelewa, wote kutoka kwa wazazi wawili. Hapo huanza kuchagua. Huchukua vizazi kama sita hivi mpaka mbegu itulie na kuzaa kitu kilekile kila mwaka. Kituo cha utafiti cha Kiboko, kule Makueni kwenye barabara ya Mombasa, kina maji ya kumwagilia, na kwa hiyo watafiti huweza kupata vizazi viwili kwa mwaka badala ya kusubiri mvua. Baada ya hapo mbegu hujaribiwa sehemu mbalimbali za nchi chini ya usimamizi wa KEPHIS kabla ya kuidhinishwa. Kwa jumla ni safari inayokaribia miaka kumi. Tangu mwaka 2009 wanasayansi wamekuwa na ramani nzima ya jeni za mtama, na sasa wanaweza kupima mche mchanga na kujua mapema una jeni gani. Ramani imepunguza kubahatisha, ila haijaondoa kibanio wala misimu ya majaribio.

Kwa Kajiado, swali kubwa ni bua. Mvua ya kaunti hii ni kati ya takriban milimita 300 kwa mwaka upande wa Amboseli na 1,250 kwenye Milima ya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro, na tambarare za Kitengela na Isinya ziko karibu zaidi na kiwango cha chini. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Waliokuwa na mifugo hawahitaji kukumbushwa walichokiona kando ya barabara ya Namanga. Katika mwaka kama huo, ekari ya mtama iliyokosa punje lakini ikatoa mabua mabichi bado imelipa. Ekari ya mahindi iliyonyauka kabla ya kutoa mbelewele huacha chakula kidogo sana cha ng'ombe.

Habari njema ni kwamba sifa hiyo ipo katika damu ya mtama. Katika mitama ya asili ya Ethiopia watafiti waligundua aina ambayo majani na bua hubaki na kijani hata maji yakikatika wakati punje inajaa. Sifa hiyo sasa inatumiwa na wazalishaji wa mbegu Marekani, Australia, India na Afrika. Bua lililobaki kijani halianguki ovyo, punje hujaa vizuri, na ng'ombe hulifurahia. Kenya pia ina mitama ya matumizi mawili, punje na malisho, kama E1291 na E6518, mirefu na yenye majani mengi. Hiyo ilikusudiwa zaidi sehemu za juu zenye baridi na huchukua miezi mingi kukomaa, kwa hiyo mkulima wa tambarare asiikimbilie kwa sababu ya urefu wake tu. Amwulize afisa wa wadi kwanza, na ajaribu kipande kidogo.

Na hapa kuna onyo ambalo kila mwenye mfugo na alisikilize vizuri. Mtama mchanga una sumu. Majani yake yana kemikali ambayo, ng'ombe akiitafuna, hugeuka kuwa sianidi. Hatari ni kubwa mche ukiwa chini ya kiasi cha sentimita 60, na kubwa zaidi katika machipukizi yanayotoka baada ya kuvuna, au pale mtama uliokauka kwa jua unapopata mvua na kuanza kuchipua upya. Ndiyo kusema hatari huja hasa wakati mfugaji ana njaa ya malisho na anaona kijani. Ng'ombe aliyekula huhema kwa kasi, hupepesuka na huanguka, na anaweza kufa kwa dakika chache. Dawa ipo, lakini ni ya sindano ya daktari wa mifugo na haingoji mashauriano. Mtama uliokomaa na ukaanikwa ukakauka vizuri, au ukashindiliwa kuwa saileji na kuachwa majuma kadhaa, sumu yake hupungua sana. Usiwafungulie ng'ombe wenye njaa shamba la machipukizi, hata kama jirani alifanya hivyo mwaka jana na hakupoteza mnyama.

Watafiti wa Australia na Denmark walikwisha kupata mtama ambao haitengenezi kabisa sumu hiyo, kwa kubadilisha jeni moja. Haujafika katika maduka ya Kitengela. Ukifika, utakuwa ni mfano wa mbegu iliyoboreshwa kwa kumfikiria mfugaji.

Kuhusu kuweka mbegu ya nyumbani: kwa kuwa mtama hujichavusha zaidi, mkulima wa Gadam au Seredo anaweza kuchagua masuke bora na kupanda tena msimu ujao, mradi shamba liwe mbali na mitama mingine na mtama mwitu ung'olewe. Chavua kiasi husafiri kwa upepo, na baada ya misimu michache mchanganyiko huanza kuonekana. Mbegu chotara ni jambo lingine. Kizazi chake cha pili hutawanyika kama ilivyoelezwa, na aliyeipanda upya atavuna kila aina ya urefu. Anayenunua dukani akwangue stika ya KEPHIS kwenye pakiti na kutuma nambari iliyo chini yake kwa 1393. Jibu litamwambia kama mbegu ni halali. Inachukua muda mfupi kuliko kubishana na mwenye duka baada ya mtama kukataa kuota.

Ekari moja inahitaji kilo tatu hivi za mbegu, mistari ikiachana sentimita 75 na mche na mche sentimita 20. Kwenye udongo mweusi wa tambarare hizi, ambao ukilowa hakuna jembe linaloingia, ni afadhali kupanda kwenye vumbi siku chache kabla mvua haijaanza.

Limebaki suala la ndege. Anayepanda mtama mweupe peke yake katikati ya ploti za nyumba atawalisha kwelea wa eneo zima. Majirani watano wakipanda wiki moja, ndege ni walewale lakini masuke ni mengi zaidi, na hasara inagawanyika. Wale walio tayari kupanda pamoja msimu huu waandikishe majina kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla hawajaondoka hapa, na waandike pia kama wanataka punje, bua, au vyote viwili.